Kibanda cha Siku Tano

Shuhuda nyingi tunazosikia kanisani hutolewa baada ya jambo kukamilika. Mgonjwa amepona, mtoto amefaulu, kibali kimetoka, ndipo mtu husimama mbele ya ushirika na kumshukuru Mungu. Huu wetu tunautoa mapema, jambo lenyewe likiwa bado halijatokea. Tunapoandika haya zimebaki wiki tatu. Ikimpendeza Bwana, Jumatatu ya mwisho ya Septemba tutapanda treni kutoka Sheffield, tutashuka katika kijiji kiitwacho Hope, jina ambalo kwa lugha yetu ni Tumaini, na hadi Ijumaa tutakaa katika karavani ya mkulima mmoja, nyuma ya zizi la kondoo. Gharama yote kwa watu wawili ni pauni 260. Tunaichanga kwa wiki 26, pauni 5 kila mmoja kila wiki, na tumefika wiki ya 23.

Sisi ni wanawake wawili wa Kitanzania. Mmoja wetu ni mzaliwa wa Marangu, mwingine wa Tukuyu. Tulikutana katika ibada ya Kiswahili inayofanyika Jumapili moja kila mwezi, tukagundua kwamba wote tunafanya kazi ya kutunza wazee, kila mmoja katika nyumba yake, mara nyingi zamu za usiku. Tumeandika kwa sauti moja kwa sababu mpango huu ni wa wote wawili. Patakapolazimu kututenganisha tutasema tu "mmoja wetu", na walio karibu nasi watajua ni nani.

Huenda msomaji akajiuliza likizo ya watu wawili inahusiana nini na imani. Tumeulizwa swali hilo zaidi ya mara moja. Tulipomwamkia mzee mmoja wa ushirika wetu na kumweleza tunakokwenda, alicheka akasema shetani hachukui likizo. Tukamjibu kwa adabu, "Ni kweli, baba, lakini sisi hatukuajiriwa na shetani." Akacheka zaidi. Hata hivyo swali lake halikuwa la mzaha, na tuliondoka nalo. Makala haya ni jibu letu.

Kilichotufikisha hapa

Mwezi wa pili mwaka huu mama mzazi wa mmoja wetu alifariki huko Marangu. Habari zilifika saa tisa usiku, katikati ya zamu. Wazee wawili walikuwa wanasubiri kugeuzwa kitandani. Akawageuza, akawafunika, ndipo akatoka kwenye korido kulia.

Hakuweza kwenda kuzika. Ombi lake la kuongezewa kibali cha kuishi nchini lilikuwa bado linashughulikiwa, na kwa sheria za Uingereza mtu akisafiri nje wakati ombi lake halijajibiwa, ombi hilo huhesabiwa kuwa limeondolewa. Angekwenda, asingerudi kwenye kazi inayolisha nyumba mbili. Kwa hiyo mazishi tuliyaona kwenye simu, tukiwa tumekaa wawili kitandani. Mama alizikwa kihambani, chini ya migomba aliyoipalilia maisha yake yote. Wakati wa kurudishia udongo mtandao ulikatika. Uliporudi, watu walikuwa wameshaanza kuimba, na kaburi lilikuwa limeshajaa.

Nyumbani msiba una watu. Majirani wanakuja na kuni na ndizi, wanawake wanalala chini kwenye mikeka pamoja na wafiwa, na hakuna anayeachwa peke yake na mawazo yake. Hapa kulikuwa na chumba kimoja, siku tatu za ruhusa, na siku ya nne sare ya kazi. Tangu siku hiyo mfiwa wetu hakulia tena. Alifanya kazi, alicheka panapostahili kucheka, alituma hela nyumbani. Usingizi ukamkimbia. Muuguzi aliyempima shinikizo la damu alitazama namba akampima mara ya pili.

Jioni moja mwezi wa tatu, tukinywa chai, mwenzake akamwambia, "Dada, wewe hujakaa matanga."

Akajibu, "Nitakaa wapi, na nani?"

"Popote tutakapopata. Na mimi."

Hapo ndipo mpango wetu ulipozaliwa. Wanaotuona tukipekua bei za karavani wanadhani tunatafuta starehe. Starehe kidogo imo, hatukatai. Lakini tulichokuwa tunakitafuta kwanza ni mahali pa kukaa matanga.

Amri ya kukaa vibandani

Tulipoanza kulitafuta jambo hili katika Biblia tulidhani tungeishia kwenye Sabato. Tukafika mbali zaidi. Katika Walawi 23 Mungu anawaagiza Waisraeli wakae siku saba katika vibanda vya matawi, ili vizazi vyao vijue kwamba aliwakalisha vibandani alipowatoa Misri. Ni amri ya ajabu. Watu wana nyumba zao, wana paa na milango, nao wanaambiwa watoke wakalale mahali ambapo upepo unapita. Kumbukumbu la Torati 16 linaongeza kwamba katika sikukuu hiyo wafurahi, na linawataja watakaofurahi pamoja nao: watoto wao, watumishi wao, Mlawi, mgeni, yatima na mjane. Tulipofika kwenye neno "mgeni" tulitazamana. Katika nchi hii sisi ndio wageni, na jina letu limo kwenye orodha ya waalikwa.

Kuna fungu lingine ambalo hatukuwahi kulisikia likihubiriwa. Katika sura ya 14 ya kitabu hichohicho, mtu anayeishi mbali na mahali pa ibada anaruhusiwa kuuza fungu la mazao yake, asafiri na fedha mkononi, anunue chakula anachokipenda, ale mbele za Bwana na kufurahi pamoja na nyumba yake. Mwishoni mwa sura hiyo panatengwa fungu la kila mwaka wa tatu kwa ajili ya Mlawi, mgeni, yatima na mjane. Tulisoma polepole, maana jambo hilo lilikuwa linatuhusu. Furaha ya msafiri ina fungu lake na haja ya maskini ina fungu lake. Sheria ni moja, na hakuna fungu linalolimeza lenzake.

Halafu tukafika kwenye sababu. Katika Kumbukumbu la Torati 5, Mungu anapowakumbusha watu wake kuishika Sabato, anawaambia wakumbuke kwamba walikuwa watumwa Misri. Mtumwa hapangi likizo. Mtumwa hulala bwana wake anapomruhusu na huamka anapoitwa. Mtu anayeweza kuchagua siku, akaiandika kwenye daftari na kusema siku hii sitafanya kazi, huyo ni mtu huru. Kwa hiyo kupumzika ni njia mojawapo ya kukiri kwamba Mungu ametutoa Misri.

Sisi watu wa Afrika Mashariki tunalo neno letu wenyewe la kutukumbusha haya. Kwetu msafara ni watu wanaokwenda pamoja. Waingereza wamelichukua neno la misafara ya jangwani wakalipa nyumba ndogo ya magurudumu. Misafara ya karne ya 19 iliyotoka bara ilifikia Bagamoyo, jina ambalo wengi hulieleza kuwa ni "bwaga moyo". Mpagazi aliyelipwa ujira alifika pale akabwaga mzigo wake, akapumua. Aliyefika akiwa na mnyororo shingoni aliona bahari, akabwaga tumaini. Mji ni mmoja na safari ni moja, ila mmoja alipumzika na mwingine hakuweza. Tofauti yao ilikuwa uhuru.

Kuketi kwanza na kuhesabu

Bwana Yesu alisema, katika Luka 14, kwamba mtu anayetaka kujenga mnara huketi kwanza akahesabu gharama. Naye Yakobo, katika sura ya 4, anawaonya wanaosema kesho tutakwenda mji fulani bila kuongeza kwamba Bwana akipenda. Tumeyashika yote mawili. Juu ya ukurasa wa kwanza wa daftari letu tuliandika "Tukijaliwa", na chini yake tukaanza hesabu. Tunaziweka hapa kwa ajili ya yeyote anayedhani mapumziko ni ya wenye gari na nyumba.

Jambo la kwanza lilikuwa tarehe. Shule za Uingereza hufungwa kuanzia mwishoni mwa Julai hadi mwanzoni mwa Septemba, na katika wiki hizo bei za karavani hupaa. Karavani tuliyoipata ingegharimu zaidi ya mara mbili mwezi wa nane. Sisi hatuna watoto wa shule hapa, basi tukachagua mwisho wa Septemba, tena katikati ya wiki, Jumatatu hadi Ijumaa. Wikiendi hugharimu zaidi, na Jumapili tunataka tuwe ibadani pamoja na wenzetu.

Jambo la pili lilikuwa aina ya malazi. Karavani ya kuvutwa inahitaji gari, nasi hatuna. Hema ni rahisi kuliko vyote, lakini magoti yetu yamebeba wazee wa watu kwa miaka mingi na hayataki kulala chini. Tukachagua karavani isiyohama, ile iliyoegeshwa shambani mwaka mzima, yenye vitanda viwili, jiko la gesi na choo chake. Kabla ya kulipa arbuni tuliuliza maswali manne, nasi tunamshauri kila mtu ayaulize: je, umeme na gesi vimo kwenye bei, je, shuka na taulo zimo, je, kuna kifaa cha kutoa tahadhari ya hewa ya sumu ya jiko, na je, tukipata dharura arbuni hurudi? Gesi na umeme vimo. Kifaa kipo. Shuka hazimo, na arbuni hairudi.

Hesabu yenyewe ni hii. Karavani kwa masiku manne, pauni 180. Nauli za treni na basi, tumetenga pauni 24. Chakula, pauni 40. Akiba ya dharura, pauni 16. Jumla, 260. Chakula ni kidogo kwa sababu tutakibeba: unga wa mahindi, mchele, maharage yaliyokwisha kuchemshwa na kugandishwa, chapati za kupika Jumapili usiku, tangawizi ya chai. Dagaa tumewaacha. Karavani ni ndogo, na hatutaki mwenye shamba atukumbuke kwa harufu.

Fedha tunaiweka kwenye kibubu, mkebe wa biskuti uliozibwa kwa gundi ya karatasi na kutobolewa juu. Tulikubaliana mapema kwamba kila mmoja atatia pauni 5, sawa kwa sawa, hata wiki ambayo mmoja ana zaidi, ili asiwepo mwenye safari na msindikizaji. Tulikubaliana pia kwamba hakuna senti ya ada ya watoto nyumbani itakayoguswa. Ada ilitangulia, kibubu kikafuata.

Mtihani ulikuja mwezi wa tano. Kaka wa mmoja wetu aliandika kutoka Tukuyu, "Dada, mna hela ya kwenda kulala porini wakati paa la jikoni linavuja?" Picha aliyotuma ilionyesha ndoo mbili katikati ya jiko. Maneno yale yaliuma kwa sababu yalikuwa ya kweli. Tukuyu mvua haina mchezo, na pauni zilizokuwa kwenye kibubu zingenunua mabati. Tulikaa na picha ile siku tatu. Tuliomba, na tunakiri tuliomba tukitamani Mungu atupe jibu rahisi.

Jibu lililokuja lilikuwa lile la mafungu mawili. Paa lilikuwa haja ya kweli, nalo lilistahili fungu lake. Mwenye paa akatuma hela ya mabati kwa awamu mbili kutoka kwenye mshahara, mwezi wa tano na wa saba, na jiko limeezekwa. Kwa sababu hiyo, wiki tatu hakuwa na pauni 5 za kutia kwenye kibubu. Mwenzake akatia za wote wawili. Hapo tukapata mjadala mdogo juu ya meza: tuandike nini kwenye daftari, deni au zawadi? Aliyepewa alitaka iandikwe deni. Aliyetoa alikataa. Alisema, "Siku ile ya mazishi ulikaa na mimi kitandani kuanzia asubuhi mpaka usiku. Niliandika deni?" Kwenye daftari imeandikwa zawadi, pauni 15.

Kaka tulimjibu kwa upole. Tulimwambia kwamba paa ni wajibu wetu na tumelibeba, na kwamba kuna kitu kingine kinavuja ambacho hakionekani kwenye picha. Hakujibu siku mbili, kisha akatuma ujumbe wa sauti wa mama yetu mdogo aliyeko Marangu, ambaye habari zilimfikia kama zinavyofika habari zote. Mama mdogo alisema marehemu dada yake alibeba ndizi kwenda soko la Mwika kila siku ya gulio, na alikuwa akisema akimaliza kusomesha atapumzika. Alimaliza kusomesha mwaka juzi. Mama mdogo hakuongeza neno baada ya hapo, na sisi hatukuhitaji.

Waliotutangulia

Tulipokuwa tukisoma habari za mahali tunakokwenda tuligundua kwamba njia yetu imekanyagwa na wengine. Zamani miji ya viwanda vya pamba kaskazini mwa Uingereza ilikuwa na wiki moja kwa mwaka ambapo viwanda vilifungwa, na wafanyakazi walikimbilia pwani, hasa Blackpool, wakamaliza akiba ya mwaka mzima kwa siku chache. Mwaka 1891 mchungaji wa kanisa moja huko Colne, T. A. Leonard, alichukua kundi la vijana wa kanisani kwake akawapeleka Ambleside, kwenye milima na maziwa. Walitembea kwa miguu na kuishi kwa gharama ndogo. Kutokana na safari ile kilizaliwa chama cha likizo nafuu za ushirika, na mwaka 1913 akaanzisha kingine. Tulifurahi kusoma kwamba jambo ambalo mzee wetu alilitilia shaka liliwahi kuwa huduma ya mchungaji.

Na milima yenyewe haikuwa wazi kwa kila mtu. Juu ya bonde tunakokwenda kuna nyanda za Kinder Scout, ambazo zamani zililindwa kwa ajili ya wenye ardhi na uwindaji wa ndege. Tarehe 24 Aprili 1932 mamia ya watu, wengi wao vijana wafanyakazi kutoka mijini, walipanda kwa makusudi mahali walipokatazwa. Baadhi yao walifungwa jela. Mwaka 1951 eneo lile, Peak District, likawa hifadhi ya taifa ya kwanza Uingereza. Leo mtunza wazee kutoka Marangu anaweza kushuka treni na kupanda mlima bila kumwomba mtu ruhusa. Tunamshukuru Mungu kwa ajili yao, hata wale ambao hawakulitaja jina lake.

Lakini kijiji kilichotufanya tuchague bonde hili ni Eyam. Mwaka 1665 tauni iliingia pale. Mchungaji William Mompesson, akisaidiwa na mtangulizi wake Thomas Stanley, aliwashawishi wanakijiji wasikimbie, wajifungie humohumo ili ugonjwa usienee vijiji vya jirani. Chakula kililetwa mpakani, na fedha ya kulipia ikawekwa ndani ya siki ili isieneze ugonjwa. Ibada zikahamishiwa nje, bondeni, watu wakisimama mbalimbali. Kila familia ilizika watu wake yenyewe. Mwezi Agosti 1666 mama mmoja, Elizabeth Hancock, alimzika mumewe na watoto wao sita kwa muda wa siku nane. Mwezi huohuo mchungaji alimzika mkewe, Catherine. Hadi leo kila mwaka mwishoni mwa Agosti watu hukusanyika bondeni pale kwa ibada ya kuwakumbuka.

Mfiwa wetu alisoma habari hizi mara mbili. Kisha akasema, "Kumbe kulikuwa na watu nje ya mpaka." Tulimwuliza ana maana gani. Akasema kila mtu huwataja waliokuwa ndani, lakini yeye anawaza juu ya dada na watoto waliokuwa vijiji vya pili, waliosikia kwamba ndugu yao amekufa, wakabaki wamesimama upande wa pili wa jiwe la mpaka bila kuweza kuvuka kwenda kuzika. Kwa mara ya kwanza tangu Februari sauti yake ilitetemeka. Tukajua tunakwenda mahali sahihi.

Ratiba yetu, Bwana akipenda

Jumatatu tutafika, tutapika ugali, tutalala mapema. Jumanne hatujaandika chochote. Tulibishana kidogo juu ya siku hiyo, maana mikono iliyozoea kazi huona aibu kukaa bure, lakini katika Marko 6 Bwana Yesu aliwaita wanafunzi wake waende faragha wakapumzike kidogo, baada ya watu kuwazonga hata wakakosa wasaa wa kula. Hakuwapa ratiba. Tumeiacha Jumanne ikiwa nyeupe.

Jumatano tutakwenda Eyam. Tutasoma zaburi moja, tutalitaja jina la mama kwa sauti, na tutaimba ule wimbo ambao mtandao ulitukatia mwanzo wake. Alhamisi tutatembea kuelekea Mam Tor, mlima wa mita 517 ambao jina lake huelezwa kuwa ni Mlima Mama. Ardhi yake humomonyoka. Barabara ya magari iliyopita chini yake ilitengenezwa tena na tena hadi ikafungwa mwaka 1979, na vipande vyake vya lami bado vinaonekana vimepinda kama mkeka. Tutapanda kadiri magoti yatakavyoruhusu. Ijumaa tutaingia katika kanisa la kijiji cha Hope, tutashukuru, kisha treni.

Simu tutaifungua mara moja kwa siku, saa moja jioni, kwa sababu wazazi waliobaki ni wazee na lolote linaweza kutokea. Maombi ya hela yatajibiwa tukirudi. Tumekwisha kuwataarifu ndugu wote, na wamekubali, wengine kwa kunung'unika.

Mvua haitutishi. Mmoja wetu anatoka Tukuyu, ambako mtu akisubiri jua hatoki nyumbani. Tukinyeshewa siku zote tutakaa kibandani tusikilize bati, tunywe chai. Kuhusu zile shuka zisizokuwemo kwenye bei, moja tumeshaipata. Jirani aliyekwenda kusalimia nyumbani mwezi wa saba alirudi na kanga ya marehemu, iliyofuliwa na kukunjwa na mama mdogo. Mfiwa wetu hajaifungua. Anaitunza kwa ajili ya kitanda cha karavani.

Hatujui kama chozi litatoka. Hatuendi kumlazimisha Mungu. Kuna wanaopona siku moja na wanaopona polepole, na kuna wanaojifunza kutembea na kidonda. Lakini Waebrania 11 inatufundisha kwamba imani ni kuwa na hakika ya mambo tunayoyatumaini kabla hayajaonekana, na sisi tunaona kwamba hata kununua tiketi ya treni kunaweza kuwa tendo la imani. Ndiyo sababu tumeona ushuhuda huu ni heri utolewe sasa.

Mpendwa msomaji, pengine wewe pia unasubiri paa la mwisho likome kuvuja ndipo upumzike. Paa la mwisho haliko. Anza na fungu dogo. Tafuta mkebe, tafuta rafiki mmoja atakayekubali kutia sawa na wewe, fungueni daftari, andikeni "Tukijaliwa" juu ya ukurasa, chagueni siku. Si lazima iwe karavani, na si lazima iwe Uingereza. Inaweza kuwa nyumba ya dada yako kijijini, au siku moja chini ya mwembe, simu ikiwa imezimwa. Wala usisahau kumwangalia aliye karibu nawe ambaye tangu msiba wake anafanya kazi vizuri mno. Mwulize kama amekaa matanga.

Bwana aliyewakalisha watu wake vibandani akukalishe nawe, akupe mtu wa kukaa naye, na akutoe katika kila Misri. Amina.